Magari ya kulalia yana gharama isiyotajwa siku ya kununua

Mtu akisimama kando ya barabara itokayo Nyeri kwenda Nanyuki mwishoni mwa juma, hasa shule zinapofungwa, hatakosa kuyaona magari ya namna mpya yakielekea Naro Moru na Timau. Baadhi ni Land Cruiser zilizobebeshwa hema juu ya paa. Mengine ni magari ya abiria na ya mizigo kutoka Japani ambayo yameng'olewa viti na kutiwa kitanda, jiko la gesi, friji, tangi la maji na mabamba ya kunasa nguvu za jua. Hapo zamani magari kama hayo yalikuwa ya watalii wa kigeni. Siku hizi wenyewe ni wananchi: wafanyabiashara, mawakili, na hata walimu waliochukua mkopo katika chama cha akiba kwa matumaini kwamba gari litakodishwa na kujilipa lenyewe.

Sina ugomvi na mtu anayejitafutia mapumziko kwa jasho lake. Nchi yetu ni nzuri na ni haki ya mwananchi kuitembea. Ninalotaka kulichambua leo ni hesabu. Bei ya gari la kisasa la kulalia si ile inayoandikwa kwenye hati ya mauzo. Sehemu kubwa ya bei hiyo hulipwa baadaye, gerejini, na huzidi kupanda kwa sababu maarifa ya kuutambua ugonjwa wa gari yamewaponyoka mafundi wetu. Tena jambo hili haliwahusu wenye starehe peke yao. Mitambo iliyomo katika gari la kulalia ndiyo iliyomo katika basi la shule, katika ambulensi na katika matatu inayompeleka mwalimu kazini Mukurwe-ini.

Wanafunzi walio maskauti wanajua kwamba Robert Baden-Powell alifariki na kuzikwa Nyeri mwaka 1941. Pengine hawajui kwamba mwaka 1929, katika jamborii ya dunia iliyofanyika Arrowe Park nchini Uingereza, maskauti walimzawadia gari la Rolls-Royce pamoja na nyumba ya kukokotwa iliyoundwa na kampuni ya Eccles. Nyumba ile haikuwa na injini. Gari likiharibika, nyumba ilibaki nzima na ingeweza kukokotwa na gari jingine. Baadaye, mwaka 1950, Volkswagen ilianza kuunda basi lake dogo, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kulitia vitanda na makabati. Hapo nyumba na injini vikawa kitu kimoja, lakini injini yenyewe ilikuwa nyepesi, ilipozwa kwa hewa, na fundi mwenye spana chache aliweza kuishusha chini, kuitengeneza na kuirudisha.

Gari la leo limebeba mifumo miwili ya umeme chini ya paa moja. Wa kwanza ni wa gari lenyewe, wa pili ni wa nyumba, wenye betri yake, pampu yake ya maji, taa zake na friji yake. Mifumo hiyo hukutana mahali pamoja, nayo ni alteneta. Katika magari ya zamani alteneta ilichaji betri wakati wote injini ilipokuwa ikinguruma. Katika magari mengi ya kisasa kompyuta huipunguzia alteneta kazi mara tu betri ya injini inapotosheka, ili mafuta yasitumike bure. Matokeo yake ni kwamba betri ya nyumba haijai kamwe isipowekewa kifaa maalum cha kuichaji. Mwenye gari hulala Naro Moru akiwa na friji iliyozimika, kesho yake hununua betri mpya, na baada ya miezi michache hununua nyingine. Betri haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika namna ilivyounganishwa.

Mfano wa pili ni wa baridi. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki unapita mita 1,900. Vipasha joto vya dizeli vinavyofungwa ndani ya magari haya aghalabu huwa vimerekebishwa kwa ajili ya nchi za chini, na watengenezaji wake hueleza kwamba ukipita mita 1,500 hivi sharti kiasi cha mafuta kipunguzwe, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kisiporekebishwa, kifaa hicho hujaa masizi na kuzimika. Mwenye gari hudhani ameuziwa kitu kibovu. Na hatari kubwa iko mbele yake, kwani kifaa kikizimika usiku wa Julai, kuna anayeshawishika kuingiza jiko la makaa ndani ya gari na kufunga milango. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na anayeivuta usingizini huenda asiamke.

Tuje sasa kwenye injini, ambako ndiko fedha nyingi huteketea. Pampu na nozeli za dizeli za zamani zilifanya kazi kwa shinikizo la baa 200 hivi, yaani takriban mara 200 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Katika mfumo wa kisasa, unaopatikana kwa mfano katika injini za dizeli za Toyota Hiace ya kizazi kilichoanza mwaka 2004, mafuta husukumwa hadi kwenye bomba moja la pamoja kwa shinikizo linalofika baa 1,600 na zaidi, kisha nozeli hufunguliwa na kufungwa na kompyuta. Faida yake ni kubwa: gari lina nguvu, halili mafuta mengi, na halitoi moshi mweusi kama zamani. Lakini nafasi zilizomo ndani ya nozeli hizo ni nyembamba kuliko unywele, nayo dizeli ndiyo inayozilainisha. Dizeli ikichanganyika na maji au mafuta ya taa, ulainishaji huo hupotea na chuma husagana na chuma.

Nasi Wakenya tunaijua vyema historia ya mafuta ya taa ndani ya dizeli. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili maskini apate mwanga, na walanguzi wakaigeuza huruma hiyo kuwa biashara ya kuchanganya. Biashara hiyo ilienea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuikomesha. Injini ya zamani ilimeza mchanganyiko ule, ikakohoa na kuendelea na safari. Injini ya kisasa haina ustahimilivu huo. Nozeli moja ikifa, aghalabu mwenye gari hushauriwa azibadilishe zote nne, na ikiwa pampu nayo imetoa chembe za chuma, mfumo mzima huoshwa au hutupwa.

Je, fundi wetu afanye nini gari kama hilo linapoletwa? Nimekaa katika gereji za Karatina na Nyeri mjini mara nyingi nikitazama. Taa ya hitilafu inawaka kwenye dashibodi. Fundi anaita kijana mwenye mashine ndogo ya kupimia, naye anaichomeka chini ya usukani na kusoma namba. Namba inasema kwamba kipimo fulani kimepita mipaka. Haisemi ni kwa nini. Sababu yaweza kuwa kifaa chenyewe, au waya uliotafunwa na panya, au nati ya ardhi iliyolegezwa na yule aliyefunga betri ya pili ya friji. Kutofautisha mambo hayo kunahitaji mita ya umeme, mchoro wa nyaya na mtu aliyefundishwa kuusoma. Mchoro hakuna. Basi fundi hubahatisha. Hubadilisha kipuri cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na kila kipuri hulipiwa na mwenye gari, kiwe ndicho kilichokuwa na hitilafu au sicho. Gharama hiyo ya kubahatisha ndiyo isiyotajwa siku ya kununua.

Nawaomba wanafunzi tupige hesabu ya kubuni. Tuseme gari pamoja na matengenezo ya ndani limegharimu shilingi 3,000,000, na litadumu miaka 10. Hiyo ni shilingi 300,000 kwa mwaka kabla ya riba ya mkopo. Tuseme bima, magurudumu na gereji ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 500,000. Ikiwa familia hulala ndani yake siku 20 kwa mwaka, basi kila usiku mmoja umewagharimu shilingi 25,000. Isitoshe, siku nyingine 345 gari limesimama uani, na kusimama huko si mapumziko kwa chombo cha namna hii: betri huisha nguvu, mipira ya paa hukauka na kupitisha mvua, maji huozea tangini. Anayelikodisha ana nafuu kidogo, lakini mpangaji wa siku mbili hana uchungu wa klachi isiyo yake.

Msomaji atauliza, kwa nini basi watu wasinunue magari ya zamani yasiyo na kompyuta? Wapo wanaofanya hivyo, tena si wajinga. Land Cruiser ya injini ya lita 4.2 iitwayo 1HZ, ambayo ilizinduliwa mwaka 1990 na haitegemei kompyuta, imependwa na mashirika ya misaada na kampuni za utalii kwa miongo kadhaa kwa sababu inatengenezeka popote penye spana. Lakini gari hilo ni ghali, na kwa magari ya kawaida sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari kuukuu lililozidi umri wa miaka 8. Sheria hiyo ina maana yake, maana hatutaki nchi iwe jaa la mabaki ya wengine. Ila maana yake nyingine ni kwamba kila gari linaloshushwa Mombasa leo lina kompyuta ndani yake, apende asipende fundi wa Chaka.

Wala si haki kuyalaumu magari ya kisasa kana kwamba ni njama. Breki zake ni bora, humlinda abiria zaidi, na hewa inayotoka ni safi kuliko ya lori la miaka ya 1970. Anayetaka turudi kwenye kabureta anataka tuendelee kuvuta moshi ili fundi asisumbuke kujifunza. Kwa maoni yangu kasoro haiko katika gari wala katika kipaji cha fundi. Kasoro ni kwamba chombo kimeletwa bila maarifa yake.

Marekani ililiona tatizo hili mapema. Magari yote madogo mapya yaliyouzwa huko tangu mwaka 1996 yalilazimishwa kuwa na tundu la namna moja la kuchomekea mashine ya kupimia. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliunga mkono kwa wingi sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wawape mafundi huru maelezo yale yale wanayowapa mawakala wao. Umoja wa Ulaya nao ulitia wajibu kama huo katika kanuni zake za mwaka 2007. Maelezo hayo yapo, na huuzwa kwa fundi wa Ulaya kwa bei inayodhibitiwa. Bunge letu halina sababu ya kutowadai waagizaji na wauzaji wa magari kitu kama hicho kwa niaba ya fundi wa hapa.

Lakini sheria peke yake haitamsaidia fundi asiyejua kuusoma mchoro atakaopewa. Hapa ndipo walimu wanapoingia. Katiba ya mwaka 2010 iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti, na vile vikubwa vikabaki kwa serikali kuu. Mkoani kwetu tunayo The Nyeri National Polytechnic mjini, Mathenge kule Othaya, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kwenye barabara ya Mweiga, ambacho hufundisha uhandisi unaounganisha mashine na umeme. Umbali kati ya vyuo hivi na gereji za Ruring'u si mkubwa kwa barabara, ila kwa maarifa ni mkubwa. Kwa nini mhadhiri na wanafunzi wake wasifunge karakana ya jioni mara moja kwa juma ambapo fundi wa jua kali ataleta gari lililomshinda, wakalipima pamoja? Mwanafunzi atapata gari halisi lenye ugonjwa halisi, na fundi atapata elimu bila kufunga gereji yake miaka miwili. Mitihani ya daraja ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda inamruhusu fundi wa namna hiyo kupata cheti kwa ujuzi alio nao.

Kwa wenye magari ninalo neno moja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni kila kipuri kilichobadilishwa, tarehe yake, kilomita zake na sababu aliyoitoa fundi. Kabla ya kukopa, mjue ni nani katika mji wenu anayeweza kulipima gari hilo, na ni wapi vipuri vyake hupatikana. Kama jibu ni Nairobi kwa yote mawili, ongezeni gharama ya kukokotwa kilomita 150.

Kijana anayemaliza shule leo Tetu au Kieni atafanya kazi miaka 40 katika ulimwengu wa magari yenye kompyuta, na baadaye yale yasiyo na injini ya mafuta kabisa. Tukimfundisha kupima kabla ya kubadilisha, atakuwa na kazi na sisi tutabaki na fedha zetu. Tusipomfundisha, tutaendelea kumlipa ili abahatishe.