Anwani Mpya: Zihesabiwe Zinazotumika

Wakenya wengi waliolelewa mashambani wanalikumbuka sanduku la posta la shule. Kijiji kizima kilipokea barua kupitia sanduku hilo moja, na aliyeingojea yake hakuwa na budi kusubiri hadi mwalimu mkuu azichambue. Barua zilifika, ila hapana mwanakijiji aliyeweza kusema kwamba sanduku lile lilikuwa lake.

Ndivyo wanavyoishi wateja wengi wa simu katika intaneti. Itifaki ya toleo la nne ina anwani takriban bilioni 4.3 pekee, na akiba yake kuu ya dunia ilikwisha mwezi wa Februari 2011. Kutokana na uhaba huo, kampuni za mawasiliano huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mmoja wao akituma barua taka, tovuti huweza kuifungia anwani hiyo, wakaadhibiwa hata wasiohusika. Naye mwanafunzi anayetaka kuendesha seva yake chumbani hana anwani ya kuwapa wenzake waifikie.

Dawa ipo. Toleo la sita, ambalo anwani zake ni nyingi kupindukia, lilizinduliwa duniani tarehe 6 Juni 2012. Kasoro iko katika kuupima uenezi wake. Aghalabu hutajwa idadi ya kampuni zilizopewa mafungu ya anwani mpya na AFRINIC, shirika lililoko Mauritius linalozigawa barani Afrika. Takwimu hiyo hufurahisha macho tu. Kampuni yaweza kupewa fungu, hata ikalitangaza kwa mitandao mingine, na bado pasiwe na simu ya mteja yeyote inayolitumia. Kumiliki kiwanja si kujenga nyumba.

Kipimo cha haki huanzia kwa mtumiaji: kati ya kila watu mia wanaofungua ukurasa, ni wangapi wamefika kwa anwani mpya? Google imekuwa ikipima hivyo tangu 2008. Nchini India, kampuni ya Jio ilipoanza huduma zake mwaka 2016 iliwapa wateja anwani mpya tangu mwanzo, na asilimia ya nchi nzima ikapanda kwa kasi. Uamuzi wa kampuni moja ulitosha.

Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutoa ripoti kila robo mwaka, zikihesabu laini za simu na wateja wa intaneti. Ripoti hizo zinapaswa kuonyesha, kampuni kwa kampuni, asilimia ya wateja wanaotumia toleo la sita, ili anayenunua laini ajue kama anapewa anwani yake au anaongezwa kwenye sanduku la shule.