Wingi wa nukta haufidii udogo wa kioo

Kuna hoja ambayo nimeisikia zaidi ya mara moja katika vyumba vya walimu, na ambayo yafaa tuijibu kabla haijageuka kuwa desturi. Hoja hiyo yadai kwamba runinga kubwa ya shule ikiharibika, si lazima inunuliwe nyingine ya kimo chake. Yatosha kununua ndogo, mradi iwe na picha kali zaidi, kwa kuwa ukali wa picha utafidia udogo wa kioo. Katika shule ninakofundisha, pendekezo lililo mezani ni kwamba runinga ya inchi 55 iliyokufa irithiwe na ya inchi 32, na maneno "Full HD" yaliyoandikwa kwenye katoni ndiyo yanayotolewa kuwa kifuta machozi. Siwalaumu wanaopendekeza hivyo, maana mfuko wa shule una mashimo mengi. Hata hivyo, hesabu yao ina kasoro, na atakayeilipia kasoro hiyo ni mwanafunzi anayeketi nyuma.

Tuanze na maana ya maneno yenyewe. Picha ya runinga huundwa kwa nukta ndogo ndogo za mwanga, ambazo mafundi huziita pikseli. Runinga ya HD ina nukta 1280 kwa upana na 720 kwa kimo, yaani nukta 921,600. Ya Full HD ina 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni 2. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Ni muhimu kuelewa kwamba idadi hii haitegemei ukubwa wa kioo. Runinga ya inchi 32 na ya inchi 55, zote zikiwa Full HD, zina nukta sawasawa. Tofauti ni kwamba katika ile ndogo nukta zimebanana zaidi.

Je, kubanana huko kwamfaa nani? Jicho zima la binadamu huweza kutenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Ndicho kipimo alichokitumia Herman Snellen, daktari wa macho wa Uholanzi, alipotoa mwaka 1862 chati ya herufi ambayo bado tunaiona ukutani katika hospitali zetu. Basi tukikokotoa, nukta moja ya HD katika runinga ya inchi 32 ina upana wa takriban nusu milimita. Anayeketi umbali wa mita 2 au zaidi hawezi tena kuitenganisha na jirani yake. Kwa mtazamaji huyo, nukta za ziada za Full HD ni mali asiyoweza kuigusa. Kama hivyo ndivyo kwa aliye mita 2, tuseme nini juu ya mwanafunzi aliye mita 7, kwenye dawati la mwisho?

Mwanafunzi huyo hasumbuliwi na uchache wa nukta. Anasumbuliwa na udogo wa herufi. Tuchukue maandishi ambayo kimo chake ni sehemu moja ya 25 ya kimo cha kioo. Katika runinga ya inchi 55, herufi hizo zina kimo cha milimita 27 hivi. Katika ile ya inchi 32 zinashuka hadi milimita 16. Kwa kipimo cha Snellen, mwenye macho mazima aliye mita 7 huhitaji herufi ya milimita 10 ili aitambue kwa shida, nayo shida si hali ya kusomea kipindi kizima. Tena si wanafunzi wetu wote wenye macho mazima, na wapo wanaohitaji miwani wasiyoweza kuinunua. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na masomo yakapeperushwa kwa redio na runinga, mtoto aliyeshindwa kuona vyema nyumbani aliweza angalau kusogeza kigoda chake. Darasani amefungwa na dawati lake.

Zaidi ya hayo, runinga haiwezi kuonyesha kisichokuwamo katika picha iliyoletewa. Shule nyingi bado zimehifadhi diski za DVD za vipindi na michezo ya kuigiza. Diski za mfumo wa PAL, uliotumika Kenya kabla ya matangazo kuhamia dijitali mwaka 2015, zina mistari 576 tu ya picha. Ukiziweka katika runinga ya 4K, mashine itajaza nafasi kwa kukisia. Hilo halitazaa maelezo mapya.

Sisemi kwamba runinga ndogo ni duni. Katika nyumba ya mwalimu, ambako kiti kiko mita 2 kutoka ukutani, ya inchi 32 yenye HD yatosha kabisa, na hana haja ya kuona haya mbele ya jirani mwenye 4K. Aidha, anayeitumia kama kioo cha kompyuta, akiikaribia kwa nusu mita, atafaidi kila nukta aliyoilipia. Kinachoamua ni kiti kilipo.

Kwa hiyo, napendekeza kwamba kamati yoyote ya shule iende dukani ikiwa na kipimo kimoja: umbali kutoka runinga itakapowekwa hadi dawati la mwisho. Kama fedha ni chache, tuchague kioo kikubwa chenye nukta chache badala ya kidogo chenye nukta nyingi. Runinga ya inchi 43, hata ya Full HD, itampa mwanafunzi wa nyuma herufi za milimita 21. Na ikiwa hatuna budi kununua ya inchi 32, basi tukubali masharti yake. Aliye mita 4 mbele yake huona picha ya ukubwa ule ule aliouona akiwa karibu mita 7 mbele ya ile ya inchi 55. Maana yake ni kwamba darasa ligawanywe makundi mawili, madawati yasogezwe, na mwalimu arudie kipindi. Gharama hiyo haimo katika bei iliyobandikwa dukani, lakini ni gharama, na yapaswa kuwekwa mezani kabla hatujatia sahihi.

Mwanafunzi wa dawati la nyuma amelipa karo sawa na wa mbele. Haki yake haipimwi kwa maneno yaliyochapwa kwenye katoni, bali kwa herufi anazoweza kuzisoma kutoka pale alipoketi.