Kabla ya Kuingia Majini, Tazama Juu



Sisi wa Mpanda hatuna mazoea ya kuoga mtoni kwa starehe. Mto wetu Katuma, unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, una mamba na viboko wengi, na watoto wetu huwaambia mapema: maji ni ya kuchota, si ya kuchezea. Basi mwaka jana tulipokwenda harusini Ifakara, akina mama sita, wenyeji wetu wakaahidi kutupeleka kuoga kwenye maporomoko ya Sanje. Tulicheka tu.

Sanje iko katika Milima ya Udzungwa, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1992. Maji yake hushuka kwa ngazi, jumla mita zipatazo 170, katikati ya msitu wa mvua. Tulipanda na mwongozo wa hifadhi, polepole, magoti yakilalamika. Alitueleza habari za kima wanaoitwa kwa jina la Sanje, ambao wataalamu waliwatambua mwaka 1979 na ambao hawapatikani nje ya milima hiyo. Mara tukasikia mngurumo, kisha manyunyu yakatupiga usoni. Chini ya poromoko palikuwa na bwawa la maji baridi, maangavu, hata mawe ya chini yalionekana.

Mwenzetu mmoja akauliza, "Dada nesi, haya hayana kichocho?"

Tuliketi mwambani tukazungumza. Kichocho huanzia kwa mgonjwa anayejisaidia majini. Mayai huanguliwa, na vimelea huingia ndani ya konokono wadogo wa maji yaliyotulia yenye majani. Wakitoka humo, hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Pale Sanje, juu ya poromoko ni msitu wa hifadhi, si makazi ya watu, na maji ni baridi tena yaendayo kasi. Hatari ya kichocho ni ndogo. Ya kuogopwa ni mengine: mawe yenye utelezi, kina usichokijua, na maji kujaa ghafla mvua ikinyesha milimani. Kwa hiyo hatukuruka wala hatukusimama chini ya poromoko. Tuliingia pembeni, tumeshikana mikono, tukipiga kelele kama wasichana.

Mmoja wetu hakuingia. Usiku alitueleza sababu. Kwa miaka mingi analima mpunga, na jioni huoga kwenye mfereji wa majaruba. Alikuwa na maumivu chini ya kitovu, muwasho na damu isiyo ya mwezi. Mara tatu alipewa dawa za magonjwa ya zinaa bila kupona, na mumewe alikwisha kuanza kumwuliza maswali mabaya. "Nilidhani nyote mtaniona malaya," alisema.

Mama mpendwa, kichocho cha mkojo hushambulia pia uke na mlango wa kizazi. Huleta damu, muwasho na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Huweza kuzuia mimba na hurahisisha maambukizo ya VVU. Hakiambukizwi kwa zinaa. Hata msichana asiyemjua mwanamume anaweza kukipata.

Tuliporudi tulimsindikiza hospitali, na mumewe akaja. Alipimwa, akakutwa na kichocho, akapewa prazikwanteli kulingana na uzito wake. Damu imekoma. Makovu ya ndani hayaondoki upesi, hivyo bado anafuatiliwa. Nyumbani kwake maswali yamekwisha.

Ukiwa na dalili hizo na umewahi kuoga au kufanya kazi kwenye bwawa, lambo au majaruba, mwambie mhudumu wa afya waziwazi. Asipouliza, anza wewe.

Nasi tulijifunza jambo jingine. Kila kiangazi viboko wa Katuma hubanana kwenye matope, na sababu mojawapo ni maji kuchepushwa huko juu kwa ajili ya mashamba. Maji ya Sanje ni mazuri kwa sababu huko juu pametunzwa. Tuchimbe vyoo, tuviweke mbali na mito, tuache miti ya kingo isimame. Walio chini yetu nao wana watoto wanaopenda kuoga.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.