Mti Uliosimama Hauhesabiwi

Kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na Kyela imo. Sina ugomvi na lengo hilo. Ugomvi wangu ni na hesabu yenyewe. Mche wa inchi kumi unatangazwa jukwaani siku unapotiwa udongoni, mkuu akiwa na koleo na wapiga picha wakiwa tayari. Mwembe uliokwisha kuvilisha na kuvipa kivuli vizazi viwili ukiangushwa kupisha ukuta wa kiwanja, hakuna anayeutaja.

Twende Lyulilo, jirani na Matema, pale Milima ya Livingstone inapoteremka hadi majini. Kwa miaka mingi wanawake wa Kikisi wameleta vyungu vyao hapo kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kwa ajili ya gulio la Jumamosi. Mtumbwi wenyewe ni gogo la mti mmoja lililochongwa. Waliosema ukiona vyaelea vimeundwa, hapa wangeongeza kwamba kabla ya kuundwa viliota. Chungu nacho hakiivi bila kuni. Uchumi wote wa gulio hilo unasimama juu ya miti, na wanaoutegemea hawahitaji semina ya kuelezwa hivyo.

Sasa ufukwe una bei. Anayenunua kiwanja katika mwambao wa namna hii huanza kwa kile anachokiita kusafisha: matete yanafyekwa ili ziwa lionekane, miembe inaangushwa kwa sababu majani yake yanachafua uwanja. Kisha zinapangwa pevingi, unapandwa ukoka wa kununua, na miashoki inasimamishwa kando ya ukuta kama askari wa gwaride. Mwenye kiwanja anaweza kuhesabiwa amepanda miti ishirini, na akasifiwa. Kivuli alichokiondoa hakimo katika taarifa yoyote.

Wapo watakaonikumbusha kwamba sheria ipo. Naam, ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini mita 60 kutoka wapi? Ziwa Nyasa halitulii mahali pamoja. Kati ya mwaka 1915 na 1935 hivi maji yalishuka kiasi kwamba Mto Shire ulikoma kuyatoa ziwani. Mwaka 2024 yalipanda, yakafurika makazi ya mwambaoni. Mpimaji anayechomeka kigingi mwezi Novemba anaweza kukikuta majini mwezi Mei. Mpaka ambao ziwa lenyewe limeuchora ni ukanda wa matete na miti inayovumilia maji. Ndio huo tunaoufyeka kwanza, halafu tunashangaa mchanga ukiondoka.

Viwango vya mipangomiji vya mwaka 2018 vinapima ukubwa wa kiwanja na sehemu yake inayoweza kujengwa. Hilo ni jambo jema. Ila sehemu inayobaki inaitwa wazi, na saruji nayo ni wazi. Katika wilaya inayopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, maji yanayokataliwa na uwanja wa mmoja huingia nyumbani kwa jirani. Tope linalotoka kwenye kingo zilizokatwa miti huingia mitoni, ambako mbasa hupanda kutaga mayai kwenye changarawe safi. Mvuvi wa Lyulilo analipia bustani asiyoruhusiwa hata kuikanyaga.

Nimesikia pingamizi kwamba mtu hawezi kupangiwa mti ndani ya kiwanja chake. Ajabu ni kwamba Waingereza, waliotutawala hadi 1961, na ambao miliki binafsi kwao ni karibu dini, tangu sheria yao ya mipango ya mwaka 1947 wanaipa halmashauri uwezo wa kuuwekea mti mmoja amri ya kutokatwa, hata ukiwa nyuma ya nyumba ya tajiri. Kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na anayeimiliki ameipata kwa masharti. Tunaona haya gani kuongeza sharti la mwembe? Wala simzungumzii bibi anayekata tawi la kuni. Namzungumzia mwenye uwezo wa kukodi msumeno wa mashine na fundi wa kuuendesha.

Njia ipo tayari na haihitaji kusubiri Bunge. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inawapa vijiji na halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mchoro wa kiwanja cha ufukweni uonyeshe kila mti uliosimama kabla jengo halijachorwa, na jengo ndilo likwepe. Anayelazimika kukata atoe sababu mbele ya mkutano wa kijiji. Miti ya fidia ikaguliwe baada ya masika mawili, ikiwa hai, na orodha ya aina zake itungwe na wachonga mitumbwi na wafinyanzi wa Ikombe pamoja na afisa misitu. Miashoki isihesabiwe kabisa.

Na ninyi mnaoandaa taarifa za robo mwaka pale Kyela: katika jedwali la miti iliyopandwa ongezeni safu moja, ya miti iliyoangushwa viwanjani, mwijaze kwa robo ijayo, kisha muibandike kwenye ubao wa matangazo wa kila kijiji cha mwambao.