Sinema ya Plaza na kodi ya ukumbi wa chama

Mwezi ujao wanachama wa chama chetu cha msingi cha kahawa, huku Kibosho, watakutana kuamua juu ya ukumbi wao. Kuna kijana ameleta barua ya kuomba kuupanga ili aonyeshe filamu na mechi za mpira. Kamati inataka alipe Sh100,000 kila mwezi, iwe masika iwe kiangazi. Mimi nasema kodi ya namna hiyo itamfukuza kabla mvua za masika hazijakatika. Sababu zangu nazitoa kwenye historia ya majumba ya sinema, ikiwemo Plaza ya hapo mjini Moshi, ambayo wazee wetu waliijua vizuri.

Baba yangu alikuwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1970. Anasema kuteremka mjini baada ya malipo ya kahawa kulikuwa na vituo vitatu: dukani kwa vitu alivyoagizwa na mama yake, hotelini kwa chai na sambusa, halafu Plaza. Kihindi hajui hata neno moja, lakini mpaka leo anakusimulia Mother India, filamu ya mwaka 1957, ya mwanamke mkulima anayebanwa na mkopeshaji hadi mavuno yake yanaishia kwenye riba. Mkulima gani asingeielewa?

Watu wa shambani hawakuanza kuiona sinema mjini. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi mmoja wa Waingereza, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha kwa lori. Moja ilihusu kilimo cha kahawa chini ya kivuli cha migomba, jambo ambalo Mchaga angeweza kuwafundisha wao. Lakini yale yalikuwa masomo. Plaza na wenzake walikuwa wafanyabiashara, na hapo ndipo penye faida kwetu.

Mwenye jumba la sinema kwa kawaida hakuinunua filamu. Aliikodi kwa msambazaji, na mara nyingi waligawana mapato ya mlangoni kwa asilimia. Ukumbi ukijaa, wote wawili walicheka. Ukiwa mtupu, wote waliumia. Mkulima wa kahawa anaufahamu mpango huu, kwa kuwa unafanana na malipo ya awali na malipo ya pili ya ushirika: fedha ya mwisho hufuata soko lilivyokwenda. Tena kiti cha sinema ni kama maziwa. Kisipouzwa usiku wa leo, hakiwekwi ghalani kusubiri bei ya kesho. Kwa hiyo mtu aliyekaa dirisha la tiketi alilazimika kujua wateja wanataka nini, lini wana fedha na lini hawana.

Kisha maamuzi yakahama. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na baadaye ikapewa ukiritimba wa kuingiza na kusambaza filamu. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000. Majumba mengi ya sinema nchini yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, na waliokuwa wenye mali wakawa wapangaji. Hebu fikiria: jengo la mwingine, filamu zinachaguliwa na mwingine, wewe umebaki na ufunguo na lawama za wateja. Nani atakarabati paa au kununua viti vipya hapo? Nchi ilipoishiwa fedha za kigeni, hasa baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, filamu mpya zikazidi kuadimika.

Sisi wa kahawa hatukuwa mbali na mkasa huo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, KNCU ikiwemo, na mamlaka ya zao ikachukua kazi ya kununua. KNCU ilirudishwa mwaka 1984, lakini majumba ya sinema hayakupata bahati hiyo.

Wapo wanaosema video ndiyo iliyoua sinema. Nakubali nusu. Video zilienea katika miaka ya 1980 na televisheni ikaanza Tanzania Bara mwaka 1994, lakini zilimkuta mgonjwa kitandani. Kama watu wangekuwa wamechoka kutazama pamoja, kibanda umiza kisingejaa leo kila kunapokuwa na mechi kubwa, hata katika nyumba zenye televisheni sebuleni.

Sasa hesabu za kijana wetu. Tuseme ukumbi una nafasi 100, kiingilio ni Sh500, na anaonyesha mara 12 kwa mwezi. Miezi sita ya mavuno na sikukuu ukumbi unajaa: anakusanya Sh600,000 kwa mwezi. Miezi sita mingine wanakuja watu 25 tu: Sh150,000. Kwa kodi ya kamati, katika mwezi mbaya anabaki na Sh50,000 za umeme, mafuta ya jenereta na chakula chake. Atafunga. Tukichukua asilimia 30 ya mapato, chama kitapata Sh180,000 katika mwezi mzuri na Sh45,000 katika mwezi mbaya. Kwa mwaka ni Sh1,350,000, wakati kodi ya kamati ingeleta Sh1,200,000, na hizo ni kama kijana angedumu miezi yote 12. Takwimu hizi ni za mfano tu. Kila chama kiweke za kwake.

Mjumbe mmoja ameniuliza: tutajuaje kwamba hatuibi? Swali zuri. Kitabu cha tiketi chenye namba, nakala moja ibaki kwa mhasibu wa chama, na mjumbe mmoja akae mlangoni usiku wa mechi kubwa. Anayejua kusimamia mizani ya kahawa hashindwi na mlango mmoja. Leseni ya kuonyesha filamu nayo iandikwe kwenye mkataba kwamba ni jukumu la mpangaji, maana sheria inaitaka tangu mwaka 1976.

Nitaomba pia kipengele kimoja kiingizwe: kuchagua filamu ni kazi ya kijana, si ya kamati. Mwenyekiti wetu, ninavyomfahamu, atataka orodha ipite kwake kwanza.