Lupango moja, familia kumi na tano: njia ya kutoka mu nyumba za kulipa

Wananchi wenzetu wa Kalemie, vijana wa Kataki, Kituku, Lubuye, Filtisaf na kwengineko,

Kila siku tunaongea juu ya barabara, umeme na kazi. Leo tunaomba tuongee juu ya nyumba, juu nyumba njo inakula franga mbele ya chakula. Kijana anamaliza chuo, anatafuta chumba kimoja, mwenye nyumba anamuomba garanti ya miezi sita, wengine mpaka kumi. Anakopa kwa wajomba, analipa, anaingia. Kiisha mwaka bei inapanda, hakuna karatasi, hakuna wa kumuuliza. Anatoka, anaanza tena upya ku kartie ingine. Mwenye kuandika hapa iko na diplome ya lisanse na haina kazi, na anajua kama wengi wenu mnaosoma muko vilevile: umri wa kuoa umefika, lakini bado mnalala ku salon ya kaka mukubwa.

Sheria iko. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kulala haiwezi kupita miezi tatu. Katiba ya 2006, ku kipengele cha 48, inasema kila mtu iko na haki ya kupata nyumba inayofaa, mayi safi na umeme. Tuendelee kudai hizo sheria zifuatwe. Lakini hata garanti ikishuka mpaka miezi tatu, bado utalipa nyumba ya mwingine maisha yako yote, na siku ya kuzeeka utakuwa na bahasha ya risiti tu, kama hata risiti walikupatia.

Halafu kuko ziwa. Kuanzia 2020 mayi ya Tanganyika ilianza kupanda, na 2024 ikapanda zaidi. Nyumba za pembeni zilianguka, barabara zilikatika, watu walihama na magodoro ku kichwa. Wengine wanasema ni mara ya kwanza, lakini haiko hivyo. Mu miaka ya 1960 mayi ilipanda sana. Mbele ya ile, mu 1878, ziwa lilijaa mpaka likapasua kizuizi cha matope na majani kilichokuwa kimefunga Lukuga. Na Lukuga njo mulango peke yake wa kutokea mayi ya ziwa lote, lenye kugusa inchi ine. Ule mulango uko hapa kwetu. Ukizibwa na muchanga, sisi njo tunakuwa wa kwanza kunywa mayi bila kupenda. Kwa hiyo kujenga tena palepale ku muchanga, kila mtu na matafari yake, ni kujengea ziwa. Tukumbuke tena tarehe 5 Desemba 2005: tetemeko la 6.8 lilibomoa nyumba na kuua watu mu muji huu. Nyumba iliyojengwa na udongo mubaya, bila nguzo, bila mtu wa kuangalia, haikutushinda kujenga, lakini ilishindwa kusimama.

Sasa, namna gani tunatafuta nyumba leo? Kila mtu peke yake. Anakusanya kidogo kidogo miaka mingi, ananunua lupango kwa mtu aliyemuonyesha karatasi ya kartie. Kiisha miezi anakuja mwingine na karatasi ingine ya lupango ileile. Kesi inaenda ku tribinali, franga ya matafari inageuka franga ya avoka. Na juu iko peke yake, anashindwa. Wale wenye kuweza kulipa kadastri, kupima, kuweka mipaka na kupata sertifika, ni wachache. Wengine wanabaki na malupango ya bei rahisi, na bei iko rahisi juu mayi inajua njia ya kufika pale.

Sisi tunapendekeza njia ingine: koperative ya nyumba. Neno linaonekana kubwa, lakini nusu yake mama zetu wanaifanya tangu zamani. Ku soko, wamama wa ndagala wanacheza likelemba: kila juma kila mtu anatoa, mmoja anabeba. Ku kartie tuko na salongo: watu wanatoka na majembe, wanafungua mufereji. Ukichukua likelemba na salongo, ukaziweka mu karatasi yenye sheria inatambua, ukanunua udongo kwa jina la kundi na haiko kwa jina la mtu, hapo umefika ku koperative ya nyumba. Tofauti na likelemba ni hii: feza haigawanywe, inabaki pamoja mpaka inakuwa udongo, udongo unakuwa nyumba.

Mfano hauko mbali. Ngambo ya ziwa, ku Tanzania, mu Dar es Salaam, watu wa Kurasini waliambiwa watoke juu bandari inataka kupanuka. Wenye nyumba walipata malipo, lakini wapangaji, wale wenye kulipa chumba kama sisi, walibaki bila kitu. Wapangaji wale walikuwa tayari mu vikundi vya kuweka akiba, mu shirikisho la watu masikini wa mijini, na shirika la Centre for Community Initiatives lilikuwa linawasindikiza. Walikusanya feza yao, wakanunua eka 30 ku Chamazi, wakaunda koperative, wakaanza kufyatua matafari kwa mikono yao. Tuangalie vizuri: hawa hawakuwa na mushahara wa benki. Walikuwa wauza chakula, wabebaji wa muzigo, wafua nguo.

Tuseme pia pale walipata shida, juu hatutaki kudanganya mtu. Chamazi ilikuwa mbali na muji. Mtu aliyezoea kuuza chakula ku bandari akajikuta nauli inakula faida. Wengine hawakuweza kumaliza deni la nyumba kwa haraka, wengine walichelewa kuhamia. Kwa sisi funzo liko wazi: udongo wa bei rahisi lakini mbali na soko, mbali na bandari na gari la moshi, unaweza kugeuka kifungo. Afazali lupango ndogo ku kilima cha karibu, nyumba zikishikana, kuliko eka nyingi ku pori.

Mfano mwingine ni wa mbali, ku Uruguay, Amerika ya Kusini. Tangu sheria yao ya 1968, wafanyakazi wanaunda koperative za kusaidiana, na shirikisho lao FUCVAM liliundwa mu 1970. Kule, kila familia inatoa saa 21 za kazi kila juma ku shantie, mpaka nyumba zote zinaisha. Nyumba inabaki ya koperative, familia inapata haki ya kuikaa, na watoto wanarizi ile haki. Hakuna mtu anaweza kuuza yake kwa tajiri akakimbia. Kenya nayo iko na muungano wa koperative za nyumba, NACHU, tangu 1979. Kwa hiyo haiko ndoto ya wasomi wasio na kazi.

Hapa kwetu sheria inaruhusu? Ndiyo. Kongo iliingia mu OHADA mu 2012, na OHADA iko na sheria ya koperative iliyotiwa sahihi Lomé mu Desemba 2010. Inasema koperative ndogo inaweza kuanza na watu watano. Ile yenye baraza la uongozi inaomba watu kumi na tano. Kila mwanachama iko na kura moja, hata kama mwenzake alitoa feza mara kumi. Hiyo njo tofauti yake na kampuni ya tajiri.

Lakini kuko mutego mmoja, na tunaomba kila kundi liujue mbele ya kutoa hata franga moja. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa Leta, wananchi wanapewa haki ya kuutumia. Ile haki ya milele, konsesio perpetuele, iliwekwa kwa mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo. Koperative haiko mtu wa nyama na damu, kwa hiyo inapewa konsesio ya kawaida, ya miaka 25, yenye kurudishwa upya. Kuna watakaowaambia: «Basi andikeni udongo kwa jina la presida, itakuwa rahisi.» Musikubali. Siku presida anakufa, watoto wake watakuja na karatasi, na nyinyi wote mutakuwa wapangaji tena. Miaka 25 kwa jina la wote ni bora kuliko milele kwa jina la mmoja. Na mbele ile miaka iishe, kundi liandike mapema kuomba irudishwe.

Tufanye hesabu kidogo, mfano tu. Familia kumi na tano, kila moja inatoa dolari 20 kwa mwezi. Ni dolari 300 kwa mwezi, 3.600 kwa mwaka. Mu miaka miwili ni 7.200. Haitoshi kujenga nyumba kumi na tano, tunajua. Lakini inatosha kukaa ku meza moja na kadastri, kuongea na mwenye udongo mukiwa kundi, kulipa mupimaji mmoja mara moja badala ya mara kumi na tano. Kisima kimoja, mufereji mmoja, vyoo vinavyopangwa vizuri mbali na kisima: tunajua mu muji huu kolera inatoka wapi. Na simenti ya Kabimba iko kusini yetu palepale. Anayenunua mifuko mingi kwa mara moja anaongea bei, anayenunua mifuko miwili anapewa bei. Matafari nayo tuyafikirie. Kila tanuru ya kuchoma inakula miti ya vilima vyetu, na kilima kisicho na miti kinatuma muchanga mu mito mpaka mu Lukuga. Matafari ya udongo ya kushindilia na mashini ya mukono, yenye simenti kidogo ndani, hayaombi kuni. Mashini moja inaweza kutumikia kundi lote.

Tunasikia maswali, na ni ya haki.

«Viongozi watakula feza.» Inawezekana, tumeona mambo hayo. Njo maana feza isikae kwa mtu. Iwekwe ku konti yenye sahihi tatu, hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi, na mushika feza abadilishwe kila mwaka. Mwenye kukataa kuonyesha daftari, atoke siku hiyohiyo.

«Sisi hatuna kazi, tutatoa nini?» Mikono. Iandikwe mu sheria ya kundi kama siku ya kazi ku shantie inahesabiwa sawasawa na feza fulani. Kijana aliyesoma ujenzi achore plan, aliyesoma haki aandike sheria ya ndani, aliyesoma hesabu ashike daftari. Diplome zetu zinalala mu valisi. Hapa njo pa kuzitolea.

«Tutakaa na nani?» Hili ni swali zito ku Tanganyika. Tangu mapigano ya Watwa na Waluba mu 2016 na 2017, familia nyingi zilikimbilia pembeni ya muji na bado haziko na pa kurudi. Vita ingine inaleta wengine kupitia ziwa. Kama kila kabila litaunda koperative yake, tutakuwa tumejenga mipaka na matafari mazuri. Sisi tunasema kundi liangalie kazi na akiba ya mtu, lisiulize kijiji cha baba yake. Watu waliochimba musingi mmoja na kunywa mayi ya kisima kimoja hawadanganyike kwa urahisi na mwanasiasa wa wakati wa kura.

Kwa hiyo tunadai:

Kwa serikali ya provense: udongo wa Leta ulio juu, pasipofikiwa na mayi ya ziwa, utangazwe hadharani, na sehemu yake iwekwe kwa koperative za wapangaji na za waliopoteza nyumba. Usigawanywe usiku kati ya wakubwa.

Kwa meya na maburugumesta: sheria ya garanti ya miezi tatu ibandikwe ku kila biro ya kartie, na mwananchi anayeleta malalamiko apewe jibu ya kuandikwa.

Kwa kadastri na Urbanismu: bei za karatasi zote zibandikwe ku mulango, na kila feza ikitoka, risiti itoke.

Na kwa sisi wenyewe, vijana: tusingoje jibu lao ili tuanze. Mwezi huu, kila kartie itafute watu watano wenye kuaminiana. Wafungue daftari, waandike majina, wakubaliane kiasi, hata kama ni franga ya Kongo elfu tano kwa juma. Wakae miezi sita wakiweka bila kukosa. Kundi litakaloshika miezi sita litakuwa limejionyesha, na hapo sisi wa muvoma tutalisindikiza kuandika sheria ya ndani na kupeleka dosie ku biro. Litakaloshindwa, lirudishie kila mtu yake bila ugomvi, lianze upya.

Leteni pia majina ya malupango ya Leta munayoyajua ku kartie yenu, yale yaliyo juu na yasiyo na mtu, pamoja na jina la avenue. Tutaandika liste na kuipeleka ku ofisi ya guverneri mchana, na kila mtu ataona tuliandika nini.