Begi la siku kumi

BARAZANI
Na Mwanahawa Shekue

Binti wa kaka yangu alinipigia simu Jumapili. Baada ya shikamoo na kuulizia habari za magoti yangu, akaingia kwenye lililomfanya apige. Wakwe zake wanaoishi Uingereza wamemwalika kwenye safari ya meli ya kitalii, usiku 35 baharini, na tangu apate habari hizo sebule yake imegeuka gulio la mitumba. "Shangazi, wewe ulishazipanda hizo meli. Siku zote hizo nipakie magauni mangapi?"

Nikamwambia apakie ya siku kumi. Akacheka, akadhani shangazi yake ameanza kuzeeka vibaya. Kwa kuwa najua kwenye simu hanisikilizi, namwandikia hapa gazetini, mbele za watu, aone haya kunipuuza.

Hesabu yangu ni nyepesi. Hakuna anayeweza kubeba nguo safi za siku 35, hata awe na masanduku ya bibi harusi. Siku ya kumi au ya kumi na mbili mfuko wa nguo chafu utakuwa umejaa, atafua apende asipende. Akishafua mara moja, atafua ya pili na ya tatu. Basi kuanzia siku ya kumi begi haliongezeki, kinachoongezeka ni zamu za kufua. Desemba 2023 meli iitwayo Serenade of the Seas iling'oa nanga Miami kuzunguka dunia kwa usiku 274, ikarudi Septemba 2024. Abiria wa safari ile hakupakia nguo za usiku 274.

Mimi nimekwenda mara moja tu, safari ya urefu huohuo, na si kwa fedha zangu. Dada yangu, muuguzi aliyestaafia Uingereza, alikataa kutimiza miaka 70 akipasha supu peke yake. Tulipandia Southampton mwezi wa Januari, tukapita Madeira, tukavuka Atlantiki mpaka Barbados na visiwa jirani, tukarudi kwa njia ya Azores. Mimi nilitoka Dar es Salaam kwa ndege, kwa hiyo begi langu lilikuwa limeshafunzwa adabu na mizani: kilo 23, basi. Dada alitoka kwake kwa gari mpaka gatini, na pale gatini hapakuwa na mtu wa kumhesabia kilo. Alishusha masanduku manne. Wapagazi wakayachukua, jioni tukayakuta mlangoni kwetu. Chumba chenyewe kilikuwa na vitanda viwili, kabati la kujibana, na bafu ambamo ukiinama kuokota sabuni makalio yanafungua mlango. Matatu tuliyasukuma uvunguni. La nne tuliishi nalo siku zote 35 kama mgeni asiyeaga.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshasafiri na meli iliyopakiwa kwa akili kuliko sisi. Mwaka 1984, mwalimu mpya nikipelekwa Rukwa, nilipanda Liemba pale Kigoma na sanduku la bati, ndoo, na godoro nililolikunja na kulifunga kamba. Wasafiri wa Ziwa Tanganyika wanaijua Liemba, ila wengi hawajui kwamba meli yenyewe ilikuja kama mzigo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwenye kiwanda cha Meyer Werft, ikapewa jina la Graf von Goetzen. Kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na baadaye Kigoma, ikaungwa upya na kuingizwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliokuwa wakikimbia vita waliizamisha kwa mikono yao, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi nzito, kama mtu anayeweka nguo za Idi kabatini akijua Idi nyingine itakuja. Waingereza waliiopoa 1924, mitambo wakaikuta inafaa, na 1927 ikarudi kazini. Huko ndiko kupakia. Na kiwanda kilekile cha Papenburg ndicho baadaye kilichoiunda hiyo Serenade of the Seas ya usiku 274.

Kwenye Liemba kufua kulikuwa hakuna mjadala. Unashusha ndoo yenye kamba, unavuta maji ya ziwa, unasugua kwa sabuni ya mche, unaanika kwenye chuma cha ukingo na kukaa hapohapo ukilinda.

Kwenye meli ya dada mambo yalianza kwa kukamatwa kwa pasi yangu. Nilikuwa nimeibeba kutoka Tanga, pasi ndogo ya safari, maana niliambiwa kuna usiku wa mavazi rasmi na sikutaka kuiaibisha nchi kwa mikunjo. Begi likapita kwenye mashine ya ukaguzi, pasi ikaonekana, ikatolewa na kufungwa karatasi yenye namba ya chumba chetu, nikapewa stakabadhi. Sababu ni moto. Katikati ya Atlantiki hakuna zimamoto wa kupigiwa simu, kwa hiyo pasi na mishumaa vyumbani ni marufuku. Nilinuna siku nzima, lakini wako sahihi.

Pasi ziko kwenye chumba cha kufulia, na hapo ndipo ninapotaka binti wa kaka yangu atege sikio. Si kila meli ina chumba hicho. Ziko meli ambamo unajaza nguo kwenye mfuko ukalipia mfuko mzima, au ukalipishwa nguo moja moja, soksi bei yake na suruali bei yake. Nyingine zina mashine ukalipia kila ukifua. Yetu ilikuwa na mashine za bure, mwisho wa korido: sita za kufua, sita za kukausha, na mbao mbili za pasi. Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujawauliza wakwe zako habari ya chakula na muziki, waulize hili la kufua.

Siku ya kwanza niliingia mle na unga wa sabuni niliozoea kuupima kwa maji ya kwetu ya kisima, ambayo hata kikombe kizima cha sabuni hayatoi povu la maana. Kumbe meli hutengeneza maji baridi kutokana na maji ya bahari, na maji yakishachujwa hivyo huwa laini kama ya mvua. Kijiko kimoja kingetosha. Mimi nilitia kama ninavyotia nyumbani. Povu lilipanda likajaza kioo cha mashine, likatafuta mpenyo, likatoka. Bibi mmoja wa Kiingereza mwenye lulu shingoni alizima mashine, akaniletea taulo, tukapiga magoti sakafuni pamoja bila kujuana majina. Tangu siku ile akawa rafiki yangu.

Kati ya Madeira na Barbados kulikuwa na siku sita za maji matupu, na abiria wote walikumbuka nguo zao siku moja. Mimi foleni ya ndoo kwenye bomba la mtaa nimekulia, lakini sijapata kuona vita kama ile ya watu wazima waliokula vizuri. Kanuni isiyoandikwa ni kwamba mashine ikimaliza na mwenye nguo hayupo, anayefuata ana haki ya kuzitoa. Mzee mmoja alirudi kutoka kwenye kahawa yake akakuta nguo zake za ndani zote zimepangwa juu ya mashine, kama samaki sokoni Deep Sea, watu wakipita. Hakuongea nasi mpaka Antigua. Yule bibi wa lulu yeye alikuwa na dawa yake: anakaa kwenye kiti mbele ya mashine, mkono mmoja juu ya mfuniko, kitabu mkononi mwa pili, mpaka nguo zimalize.

Hata hivyo sikupakosa. Juu kwenye kumbi watu walizungumza hali ya hewa na makange yao ya kamba. Mle ndani, mbele ya mashine zinazozunguka, walisema kweli: nani ameuza nyumba ili asafiri kabla macho hayajaisha, mtoto gani hapigi simu, nani anafua mashati ya mume asiyekumbuka tena jina lake. Ilikuwa baraza.

Asubuhi moja akaingia mzee aliyetumikia jeshi la majini la Uingereza, mfuko begani, akatutangazia kwamba amekuja kufanya "dhobi" yake. Nikaacha kukunja. Neno ni la Kihindi. Kwetu pwani liliingia zamani, ndiyo maana anayefua kwa ujira tunamwita dobi, na kwao liliingia kupitia utawala wao wa India, likafika hadi kwenye manowari zao, ambazo kwa miongo mingi ya karne iliyopita zilikuwa na mafundi wa kufua Wachina kutoka Hong Kong. Basi tukasimama pale, Mwingereza na Mbondei, kazi moja tunaiita kwa neno moja la Kihindi, na kwenye manowari yake aliyeifanya alikuwa Mchina.

Mashuka na taulo hufuliwa kwingine, chini kabisa, karibu na mitambo, ambako abiria hafiki. Titanic ya 1912 haikuwa na chumba cha kufulia. Ilibeba vitambaa 45,000 vya mezani vya kupangusia midomo, vichafu vikisubiri kufuliwa nchi kavu. Meli za leo hufua usiku na mchana. Kijana wa Kifilipino aliyetutandikia chumba aliniambia mkataba wake ni wa miezi tisa. Nikamuuliza alikuja na nini. Sanduku moja, akasema, huku akiliruka lile la nne la dada yangu ili afikie kitanda.

Nguo zisizostahili mashine nilifua bafuni kwa mkono. Humo kuna kamba nyembamba inayovutwa kutoka ukutani, lakini bafu halina hewa na nguo inashinda inachuruzika. Dawa yake ni kuilaza nguo juu ya taulo kavu, kuviringisha vyote kama mkeka, kisha kupanda juu na kukanyaga. Ikitoka hapo, iache chumbani usiku na kiyoyozi kitamalizia. Kanga inakauka kabla ya alfajiri. Suruali ya jinzi usiibebe kabisa.

Roshani usianike. Nilikatazwa, nikajidai sikusikia Kiingereza, nikaitandaza kanga kwenye ukingo siku ya pili baada ya Madeira. Nilikwenda ndani kuchukua miwani. Niliporudi niliiona mara moja tu, nyekundu, imejaa upepo kama tanga la ngalawa, halafu haikuwapo. Doti yangu ikabaki kipande. Dada alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanikumbusha babu yetu mzaa mama, baharia wa jahazi, aliyekuwa akisema nguo iliyofuliwa kwa maji ya bahari haikauki. Ni kweli: chumvi inayobaki kwenye uzi hunyonya unyevu wa hewa, ukiivaa inakunata. Tena sabuni ya kawaida kwenye maji yale haitoi povu, inaganda. Ya mafuta ya nazi ndiyo inayotoa, na babu hakubeba nyingine.

Kuhusu usiku wa mavazi rasmi, mwanangu usihangaike. Nilikuwa na gauni moja jeusi na mitandio mitatu. Usiku wa saba, yule bibi wa lulu aliniuliza magauni yangu yote hayo yalienea vipi kwenye begi moja. Dada yangu, aliyebadili kila mara, hakuulizwa kitu. Masanduku yake mawili ya uvunguni hayakufunguliwa hata mara moja. Beba koti moja la maana, maana Southampton ya Januari haina mchezo, na kanga usipungukiwe: ni taulo, ni shuka, ni vazi la kutokea bafuni, na huko kwenye visiwa vya Karibi wanawake wawili walitaka kuinunua ikiwa mwilini mwangu.

Kosa langu kubwa lilikuja usiku wa mwisho. Desturi ni kwamba masanduku yanawekwa nje ya mlango usiku, yachukuliwe na kushushwa gatini kabla yenu. Mimi ni mwalimu, nikiambiwa saa nne nafanya saa tatu. Nilifua cha mwisho, nikakunja, nikapanga, nikafunga zipu, nikalisukuma begi koridoni nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Alfajiri nikaamka na gauni la kulalia, kile kipande kimoja cha kanga nilichokilalia, na miguu mitupu. Begi lilikuwa limeshakwenda. Masanduku manne ya dada nayo yalikuwa yamekwenda, ila yeye alikuwa ameacha koti la ziada, na hilo sitamsamehe maana analisimulia kila Idi.

Hivyo ndivyo nilivyoshuka Southampton mwezi wa Februari: gauni la kulalia, koti la mtu mwingine, kanga kichwani, na ndala za chumbani za kitambaa. Gatini palikuwa na meza ndefu ya pasi zilizokamatwa. Nikapanga foleni nyuma ya wenye pasi wenzangu, kila mtu na stakabadhi yake mkononi.

Mwanangu, pasi iache nyumbani. Na usiku ule wa mwisho, bakiza viatu.